Joho na Jalada

Ukimwuliza kijana wa shule ni nani afanyaye haki mahakamani, atakujibu upesi kuwa ni hakimu. Ukimwuliza ni nani amsaidiaye hakimu, atakujibu kuwa ni wakili. Ukizidi kumwuliza kama hakuna mwingine, atafikiri kidogo, kisha atamtaja askari asimamaye mlangoni. Majibu hayo si ya uwongo, lakini yana upungufu, na upungufu huo si wa vijana peke yao. Wazee wao wanao, magazeti yanao, na hata serikali huwa nao mara kwa mara. Mimi nataka kushindana nao katika insha hii. Nadai kwamba katika mahakama ya madai, haki huzaliwa, hukua au hufa mikononi mwa mtu ambaye ni wachache wajuao jina lake, yaani msimamizi wa shughuli za mahakama. Nadai pia kwamba taifa lisilomheshimu mtu huyu, wala kumtaka atoe hesabu ya kazi yake, litakuwa na majoho mazuri na haki mbovu.

Ili tusiseme maneno ya hewani, msomaji, twende Kianyaga. Kianyaga ni mji mdogo wa Gichugu, katika Kaunti ya Kirinyaga, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kenya. Juu yake ni nchi ya chai, kando yake ni mashamba ya kahawa, na chini kabisa ni tambarare za Mwea zilimwamo mpunga. Hapo mjini ndipo zilipo Mahakama za Gichugu. Huko huja watu waliogombana juu ya mpaka wa shamba, mtu aliyemkopesha mwenzake fedha asilipwe, aliyegongwa na gari akitaka fidia, na zaidi ya wote huja wana wa marehemu wakitaka mirathi. Hawa si wezi wala wauaji. Ni majirani, ndugu na marafiki wa jana, na neno wanalogombania aghalabu ni ardhi, ambayo kwa mtu wa milimani ni chakula, ni heshima, na ni kaburi la baba yake.

Kwa nini mashauri ya ardhi ni mengi katika nchi hii? Sababu moja iko katika historia. Hapo kale wazee walikaa barazani, katika kiama, wakasikiliza na kukata maneno. Serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya mabaraza ya wenyeji mwaka 1930, na mwaka 1951 ikatunga ya Mahakama za Waafrika. Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyoanza mwaka 1952 na kwisha mwaka 1960. Katika miaka hiyo vishamba vilivyotawanyika vilianza kukusanywa pamoja, kupimwa na kuandikishwa, kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Wanaume wengi walikuwa vizuizini. Mwaka 1957 sheria ilisimamisha mashauri ya ardhi katika Mahakama za Waafrika mahali kazi hiyo ilipokuwa ikifanywa. Watu waliambiwa, kwa maneno mengine, wanyamaze kwanza. Lakini shauri lililofungiwa mlango halifi, bali hulala nje likingoja. Shamba liliandikwa kwa jina la mtu mmoja, mtu huyo akazeeka akafa, na leo wajukuu wake wanasimama mbele ya dirisha la masjala wakiuliza fungu lao li wapi. Mtu aketiye nyuma ya dirisha hilo hapokei karatasi tupu. Hupokea ugomvi wa vizazi vitatu.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Asubuhi, kabla hakimu hajaketi, msimamizi huhakikisha kwamba orodha ya mashauri ya siku imebandikwa mahali panapoonekana, na kwamba kila jalada lililotajwa katika orodha limetolewa masjala na kupelekwa chumbani. Huhakikisha kwamba yupo karani wa kuita majina, na mkalimani kwa ajili ya bibi asiyejua Kiingereza wala Kiswahili. Sheria ya Kenya yaruhusu mahakama za chini zitumie Kiingereza au Kiswahili. Lakini bibi wa Gichugu huona uchungu na kuuliza maswali kwa lugha ya mama yake, na ushahidi wake ukifasiriwa vibaya, hakimu atahukumu maneno ambayo bibi hakuyasema. Mchana msimamizi hutazama fedha za ada zilizolipwa, risiti zilizotolewa, tarehe zilizoandikwa katika shajara, na amri zilizotolewa ambazo hazijachapwa. Jioni huuliza ni jalada gani halijarudi mahali pake. Kesho huanza tena.

Najua wewe kijana utasema, “Hii ni kazi ya karatasi. Mimi nataka kazi ya akili.” Hapa ndipo penye kosa letu, maana karatasi ya mahakama si kama karatasi ya kufungia njugu. Chukua mfano. Mtu ameshtakiwa kwa deni. Ameitwa kwa hati, amefika, ameandikisha kwamba yuko, na katika muda wa siku 14 zilizowekwa na kanuni ameleta utetezi wake. Karani ameupokea, ameugonga mhuri, kisha ameuweka juu ya kabati pamoja na magazeti ya zamani. Siku zinapita. Mdai anaomba hukumu, akisema mdaiwa hakujibu. Hakimu anafungua jalada, anatazama, haoni jibu. Je, atafanya nini? Atatoa hukumu, naye hatakuwa amekosa, kwa kuwa hakimu huona yaliyomo ndani ya jalada tu. Baada ya hayo dalali atafika nyumbani kwa mdaiwa kukamata ng’ombe. Niambie, msomaji, ni nani aliyemhukumu mtu huyu? Wakili hakumhukumu, wala hakimu hakumhukumu kwa kweli. Amehukumiwa na kabati.

Au tazama mhuri wa tarehe. Sheria ya muda wa madai husema kwamba dai la mkataba lina miaka 6, dai la kuumizwa kwa uzembe lina miaka 3, na dai la ardhi lina miaka 12. Mtu akichelewa siku moja, dai lake laweza kuzimwa hata likiwa la kweli kama jua la mchana. Basi yule anayegonga mhuri leo au kesho ameshika maisha ya mtu kati ya vidole vyake. Vivyo hivyo katika rufani. Mtu aliyeshindwa katika mahakama ya hakimu ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, na muda ambao mahakama ya chini itathibitisha kuwa ulihitajika kumtayarishia nakala ya amri hauhesabiwi. Nakala isipochapwa, na hati ya uthibitisho isipotolewa, haki ya rufani imekuwa kama chakula kilichopakuliwa na kuwekwa juu ya mti.

Lakini hakuna mahali kazi hii ionekanapo wazi kama katika mirathi. Sheria ya urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, imeweka hatua zake. Warithi huleta ombi, na desturi ni kuja na barua ya chifu inayotaja wote walioachwa na marehemu. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa muda usiopungua siku 30 wa kupinga. Ndipo hutolewa hati ya usimamizi wa mirathi, na kwa kawaida hati hiyo huthibitishwa baada ya miezi 6, ndipo ardhi igawanywe. Hesabu mwenyewe: kila hatua ina mkono wa karani. Karani asipopeleka jina la marehemu litangazwe, siku 30 hazianzi kuhesabiwa. Zisipoanza, hazitakwisha. Mjane atakuja mara ya kwanza aambiwe bado, atakuja mara ya pili aambiwe bado, na mara ya tatu ataambiwa jalada halionekani. Wakati huo shemeji yake analima, anavuna, na pengine anauza kipande asichokuwa na haki ya kukiuza. Sisemi kwamba haya yametokea Kianyaga. Nasema kwamba yaweza kutokea katika mahakama yoyote ambayo msimamizi wake amelala.

Tena fikiri juu ya siku ya maskini. Mchumaji wa chai akienda mahakamani hapati ujira wa siku hiyo. Analipa nauli ya kwenda na kurudi, anamwacha mtoto kwa jirani, anakaa benchini tangu asubuhi. Saa sita anaambiwa kwamba shauri lake limeahirishwa kwa sababu hakimu yuko safarini. Kama safari ya hakimu ilijulikana tangu juzi, kwa nini hakuambiwa juzi? Tajiri hupoteza asubuhi yake, naye ana asubuhi nyingine. Maskini hupoteza chakula cha jioni. Basi kuahirisha bila taarifa ni kodi, na kodi hiyo hutozwa wale wasio na kitu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema katika kifungu cha 48 kwamba ada ya mahakama isiwe kizuizi cha kuifikia haki. Nami nauliza: ni ada gani iliyo kubwa kupita nauli ya safari kumi za bure?

Wako watakaonijibu kwa methali. Watasema, “Mwenda pole hajikwai,” na kwamba haki haitaki pupa. Methali ni njema, lakini imeazimwa na mvivu. Hakimu anayetua apime ushahidi wa pande mbili kabla ya kutoa hukumu anakwenda pole. Jalada lililolala chini ya meza miezi minane haliendi pole, haliendi kabisa. Wahenga hao hao walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwaka 1215 Waingereza walimshurutisha mfalme wao John aahidi kwamba hatauza haki, hataizuia, wala hataichelewesha, na kuchelewesha kuliwekwa safu moja na kuuza. Karne nyingi baadaye, nchi hiyo hiyo ilikuwa ingali ikiugua. Charles Dickens, katika riwaya yake Bleak House iliyotolewa kati ya mwaka 1852 na 1853, alisimulia shauri la urithi lililovutwa hata gharama zikala mali yote. Katiba yetu nayo, katika kifungu cha 159, yaagiza kwamba haki isicheleweshwe, na itendwe kwa watu wote bila kujali hali zao. Neno hilo halikuandikwa kwa ajili ya majaji peke yao.

Wako wengine watakaosema kwamba kosa liko juu: mahakimu ni wachache, fedha ni haba, vyumba havitoshi. Hili ni kweli, wala sitalikataa. Lakini uhaba wa fedha hauwezi kueleza kila jambo. Fedha nyingi hazihitajiki ili mtu arudishe jalada mahali pake, aandike tarehe kwa mwandiko unaosomeka, au amjibu mzee kwa adabu. Kuna umaskini wa hazina na kuna umaskini wa nia, nao wa pili hujificha nyuma ya wa kwanza. Mwaka 2011 taifa letu lilitunga sheria ya kuwachunguza majaji na mahakimu waliokuwa kazini, ili ijulikane kama wanafaa kubaki. Lilikuwa jambo jema. Lakini ungo huo ulitengenezwa kwa ajili ya wavaa majoho. Je, unga ukichekechwa na maji yakaachwa machafu, uji utakuwa safi?

Nimefika penye jambo chungu. Iko methali isemayo, “Penye udhia penyeza rupia.” Watu huitaja wakicheka, nami sioni cha kuchekesha. Katika masjala mbovu udhia hauji wenyewe kama mvua. Hupandwa, hupaliliwa, kisha huvunwa. Jalada linapotea asubuhi na kuonekana mchana baada ya mkono kugusana na mkono. Tarehe ya karibu imejaa, kisha inapatikana. Watu husema, “Ni kitu kidogo tu.” Mimi nasema kwamba hongo ya masjala ni mbaya kama hongo ya hakimu, na kwa njia moja ni mbaya zaidi. Hakimu aliyehongwa hutia haki moja sumu, naye huweza kukatiwa rufani kwa sababu hukumu yake husomwa hadharani. Karani aliyehongwa hutia sumu kisimani, na hakimu mwaminifu hunywa asijue, akatoa hukumu safi juu ya jalada lililoibwa kurasa. Msimamizi aliyejua akanyamaza ameiba pamoja nao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa imani ya watu ukianguka haujengwi kwa mawe.

Wa mwisho ni wale watakaosema kwamba mashine imekwisha kutuokoa. Mwaka 2024 upelekaji wa mashauri kwa njia ya mtandao ulienezwa katika mahakama za nchi nzima, na kweli jalada la mtandao haliliwi na mchwa, wala halijifichi juu ya kabati. Nafurahi, wala simo miongoni mwa wanaolilia vumbi la zamani. Lakini mashine hutunza kile inachopewa. Ikipewa jina lililokosewa, itatunza kosa kwa uaminifu mkubwa. Tena yule bibi wa Gichugu hana kompyuta, na simu yake ni ya kupigia tu. Akifika dirishani akaambiwa, “Nenda kalete kwa mtandao,” amefungiwa mlango kwa mara ya pili, na safari hii kwa adabu. Kwa hiyo mashine haikuiondoa kazi ya msimamizi, imeibadilisha. Sasa yampasa aweke mtu wa kumsaidia asiyejua, ahakikishe kwamba mtambo unafanya kazi, na atazame kumbukumbu ya mtambo inayoonyesha ni nani aliyekaa na ombi na kwa siku ngapi. Zamani mzembe aliweza kulisingizia vumbi. Leo hana la kusingizia.

Nisije nikaeleweka vibaya, nataka kutaja pia mpaka wa kazi hii. Msimamizi si hakimu mdogo. Anaweza kumwambia mjane ni fomu gani ajaze, ni dirisha gani alipie, na ni siku gani arudi. Hawezi kumwambia aseme nini ili ashinde, maana mpinzani wake naye ni mwana wa mahakama hiyo hiyo. Anamsalimu wakili na mkulima kwa sauti moja. Ndugu yake akiwa na shauri, hamchagulii tarehe nzuri. Kuishi hivyo katika mji mdogo, ambapo sokoni na kanisani unakutana na wale wale unaowaona dirishani, si jambo jepesi. Ni kazi ya akili, nayo ni kazi ya moyo zaidi. Yule kijana aliyesema hataki kazi ya karatasi na ajipime kwanza kama anaiweza.

Basi nakuachia mambo mawili, msomaji. La kwanza ni la leo. Nyanya yako akienda mahakamani, nenda naye, kwa kuwa wewe umesoma. Hakikisha kwamba ana nambari ya shauri lake, na risiti ya kila shilingi aliyolipa, na nakala ya kila karatasi aliyoleta ikiwa imegongwa mhuri na tarehe. Uliza kwa adabu, na usipojibiwa uliza tena kwa msimamizi. Usitoe kitu. Ziko kamati za watumiaji wa mahakama, ambamo mahakama hukutana na wanaohudumiwa nayo, na lalamiko lenye nambari na tarehe lina nguvu kuliko kelele mia.

La pili ni la kesho. Siku moja utaulizwa unataka kuwa nani. Wengi katika darasa lako watasema mawakili, na wachache watasema majaji. Sikukatazi. Lakini joho moja likiwa na masjala mbovu nyuma yake halifunika uchi wa mahakama, na hakimu wa kawaida akiwa na masjala safi ataweza kuwapa watu haki yao siku baada ya siku. Nchi yetu haikosi watu wa kusema kwa ufasaha juu ya haki. Inakosa watu wa kuhakikisha kwamba saa tatu asubuhi jalada liko mezani, limetimia kurasa zake, na mwenye shauri ameitwa kwa jina lake. Kama moyo wako waweza kutosheka na kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna aionaye, na ikifanywa vibaya mjane hulala njaa, basi nenda ukaketi nyuma ya dirisha lile la Kianyaga, au la mji wowote ule. Utakuwa umekaa mlangoni pa haki, na wewe ndiwe utakayeamua kama mlango huo uko wazi.